Jungu Lisilovunjwa: Kisa cha Baharia wa Lamu Aliyefia Rufiji

Ipo nyumba Mkomani, hapa Lamu, ambayo haivunji jungu. Siku za mwisho za Shaaban, mji mzima ukiwa mbioni, watu wakipakia masufuria mashuani waende kula na kucheza ufukweni kabla ya mfungo, nyumba hiyo hutandika majamvi, huita walimu wawili watatu na kusoma hitima. Watoto wa nyumba hukua wakiuliza kwa nini wao hawaendi na wenzao. Jibu ni moja tangu zamani: "Leo ni siku ya Babu." Ukiuliza ni babu yupi, utaambiwa yule wa Rufiji. Ukiuliza alikwenda Rufiji kufanya nini, hapo kila mtu ana lake.

Bi mkubwa wa nyumba hiyo aliniita mwaka jana. Mimi ni mwalimu, na watu wa mji huniletea karatasi zao za zamani niwasomee, hasa zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilidhani ni hati ya shamba. Tulipomaliza kuamkiana na kahawa kumiminwa, hakuzunguka.

"Mwanangu, babu yangu alifia vitani, kwenye manuari za Waingereza. Kaburi hatuna. Nti alofia siijui. Nataka uniandikie jina lake mahali, nami nilione kabla sijenda."

Nakiandika kisa hiki kwa idhini yake. Jina la marehemu na la ukoo sitayataja, maana ndivyo familia ilivyoomba. Lakini najua mwambao huu una nyumba nyingi zenye babu wa namna hii, mtu aliyetoka na chombo, akaingia katika vita vya wengine, akabaki kuwa neno moja tu la kuwanyamazisha watoto. Jinsi nyumba hii ilivyomfuatilia wao inaweza kuwafaa wengine.

Nilianza na masimulizi, na nikawa na bahati. Bi mkubwa hakuyapata kwa mtu wa tano au wa sita. Aliyapata kwa bibi yake mzaa mama, mjane mwenyewe, aliyekufa yeye akiwa msichana wa kutosha kukumbuka. Kati ya mimi na ukumbi ule ilikoletwa habari ya msiba kulikuwa na watu wawili tu. Mjane alikuwa akisimulia hivi: mumewe alikuwa baharia wa jahazi, hodari wa kupima maji. Aliondoka Lamu na kaskazi, "mwaka ule baada ya manuari kuzamishwa Unguja". Kusi ikavuma, vyombo vikarudi, yeye hakuya. Nahodha aliyemchukua alirudi na sanduku lake, akasema alikuwa katika mto, omoni, mbele kabisa ya chombo, kamba ya bildi ya kupimia kina mkononi, jua la utosi, mizinga ikalia, akaanguka majini. Hawakumwona tena.

Tawi jingine la ukoo lina habari nyingine: kwamba alikwenda Rufiji kukata boriti, akafa kwa homa. Na la tatu lasema aliliwa na mamba. Sikuwadharau hata mmoja. Rufiji ina mamba, ina homa, na boriti za mikoko yake zilikuwa biashara kubwa ya majahazi. Ila nilitaka kujua nani alimwambia nani. Wa homa walisikia kutoka kwa wajukuu wa ndugu yake marehemu, aliyekuwa akiishi Mombasa. Wa mamba hawakuweza kunitajia mtu. Habari ya mjane ilitoka kwa nahodha aliyekuwa Unguja mwaka huo huo, nami nikaipa uzito wake.

Kisha likafunguliwa sanduku. Ni sanduku la mbao la baharia, lenye misumari ya shaba, na ndani yake mlikuwa na vitu viwili tu vilivyonusurika. Cha kwanza nitakieleza kwa kirefu kwa sababu kilinigusa. Ni kipande cha risasi kirefu kama mchi mdogo, chembamba juu na kinene chini, chenye tundu la kupitishia kamba. Miaka yote kilikuwa kikizuia mlango usipigwe na upepo. Mabinti wa nyumba walidhani kimevunjika, kwa sababu kwa chini kimebonyea, kina shimo la kutosha ncha ya kidole gumba. Nilikipeleka kwa mzee mmoja wa Langoni aliyewahi kuwa nahodha. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akatia kidole shimoni, akatabasamu.

"Hakikuvunjika, mwalimu. Hii ndiyo bildi. Hapa hutiwa shahamu. Ukiitupa ikafika chini, ile shahamu huja na kilichoko: mchanga, tope, au chembe za matumbawe. Kamba hukwambia pima ngapi, shahamu hukwambia uko juu ya nini. Baharia mzuri hata usiku wa giza hujua alipo kwa kuonja alicholeta."

Kwa hiyo mtu huyu hakuwa mkata boriti aliyejiingiza chomboni. Bildi ni chombo cha kazi, na risasi yake imelainika pale vidole vinaposhika. Kwamba ilirudi nyumbani pia ni jambo lenye maana. Mjane alisema sanduku liliachwa kwa mwenyeji wake Unguja, mtaa wa Malindi, karibu na bandari, ambako watu wa Lamu walikuwa na desturi ya kufikia. Aliiacha bildi yake kwa kuwa alikokwenda alipewa nyingine. Jahazi halina bildi za kugawa, manuari zinazo.

Kitu cha pili ni karatasi, au mabaki yake. Mchwa wamekula pande mbili. Ni ya kadhi. Jina la mwanamke linasomeka lote na nasaba yake, la mume linasomeka na babu wawili, kisha neno Rufiji, na mwaka 1334 wa Hijria, ulioanza Novemba 1915. Aliyepoteza mume baharini katika mji wa Kishafii atajua mara moja karatasi hiyo ni ya nini. Mke wa mtu aliyepotea hawezi kuolewa wala mirathi haigawiwi mpaka kadhi ahukumu kwamba mume amekufa, na kadhi hahukumu kwa uvumi, hutaka mashahidi. Yule mama, kijana bado, na mtoto mchanga mkononi, hakuletewa barua yoyote na waliomwajiri mumewe. Alingoja mpaka mwaka wa Kiislamu ukageuka ndipo akapata mashahidi wa kusimama mbele ya kadhi, akaanza eda yake. Nimeisoma karatasi ile mara nyingi, na kila mara huwaza miezi ile aliyokaa si mke wala si mjane.

Sasa tuutazame mto wenyewe, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Septemba 20, 1914, alfajiri, manuari ya Kijerumani Königsberg iliingia mbele ya bandari ya Unguja ikaikuta manuari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Ikaipiga mpaka ikazama. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na makaburi yao yako kisiwani Chapwani, mbele ya mji. Hiyo ndiyo "manuari iliyozamishwa Unguja" ya masimulizi ya mjane. Basi kaskazi iliyofuata ni ile ya Desemba 1914 hadi Machi 1915, na safari ya babu imepata mwaka.

Königsberg ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mahali ambapo manuari kubwa za Waingereza hazikuweza kufika kwa uchache wa maji. Waingereza wakaziba milango ya mto. Walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja Novemba 1914. Januari 1915 wakateka Mafia, wakaifanya kambi ya ndege na kituo cha doria. Kuanzia Machi 1, 1915, wakatangaza kuufunga mwambao wote wa Wajerumani, yaani wa Tanzania bara ya leo: kila jahazi lilisimamishwa na kupekuliwa. Doria hiyo haikufanywa na manuari kubwa peke yake. Ilifanywa na meli ndogo zilizokuwa zikivua nyangumi zikatiwa mizinga, na matishari ya kuvutia meli, na maboti. Kazi yake ilikuwa ya hatari: Februari 1915 tishari moja la Waingereza, Adjutant, lilitekwa na Wajerumani likiwa ndani ya mto.

Fikiria baharia wa Lamu aliyefika Unguja wakati huo. Biashara ya kusini imefungwa. Jahazi lake limekaa. Na hapo bandarini wanatafutwa watu wanaojua kupima maji ya matopeni, wanaojua mkondo wa mikoko unavyopinda, wanaojua bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na maji mafu. Waingereza walikuwa na desturi ya miaka mingi kuajiri watu wa mwambao katika manuari zao, waliwaita masidi. Sina haja ya kumtafutia babu huyu sababu ya kishujaa ya kuingia. Alikuwa na mke na mtoto Lamu, na kazi ilikuwa hiyo.

Swali lililotuweka usiku mwingi ni la siku. Waingereza walileta kutoka Ulaya meli mbili za mtoni, Severn na Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zisizohitaji kina kirefu. Ziliingia mara mbili kwa mlango wa Kikunja, Julai 6 na Julai 11, 1915, ndege zikiruka juu kuwaelekeza wapiga mizinga. Mara ya kwanza walirudi na maiti, maana Mersey iligongwa vibaya. Mara ya pili Königsberg iliwaka moto, na nahodha wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe mtoni humo humo.

Tarehe hizo nilizijua tangu zamani bila kuziona. Siku moja, baada ya swala ya isha, nilichukua kalamu nikazigeuza kuwa za Hijria. Ramadhani ya 1333 iliandama kwenye Julai 13, 1915. Basi Julai 11 ilikuwa Shaaban 28, kutegemea mwandamo, na Julai 6 ni siku tano kabla yake.

Nilisimama nikatoka nje, kwa sababu hitima ya nyumba ile husomwa Shaaban 28. Haikuandikwa popote. Hakuna katika nyumba hiyo aliyewahi kusikia Julai 11. Mjane alifunga siku moja kwenye mwezi mwandamo, siku ambayo mji wote ulikuwa ukila na kucheka, akawafundisha watoto wake wasicheke siku hiyo, na watoto wakawafundisha wao. Kizazi cha nne kinaishika tarehe bila kujua kwamba ni tarehe.

Kwa haki ya jambo, lazima nitaje udhaifu wa hoja hii. Huenda alifariki tarehe 6, siku ya hasara kubwa kwa Waingereza, na hitima ikasogezwa mwisho wa mwezi kwa wepesi. "Jua la utosi" halisaidii sana kuchagua. Siku ya kwanza mapigano yalianza asubuhi yakapita adhuhuri, na siku ya pili meli ziliingia kwenye saa sita mchana. Yule nahodha wa Langoni aliongeza lake: tarehe 28 ya mwezi mwandamo ni bamvua, maji hupwa sana asubuhi na kuanza kujaa kuelekea mchana, nao ndio wakati ambao mtu wa bildi hatoki omoni, kwa kuwa mafungu ya mchanga bado yako karibu na kila hatua lazima ipimwe. Mimi naegemea tarehe 11. Bi mkubwa nilimwambia hivi: siku chache za mwisho za Shaaban 1333, ndani ya mto Rufiji, akipima maji kwa ajili ya doria ya Waingereza. Hapo naweza kusimama na kuapa. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Yatosha. Bibi alijua."

Lililobaki gumu ni jina. Nilimtafuta katika daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, kwa kila tahajia niliyoweza kuibuni. Hayumo. Niliandikia ofisi moja ya nyaraka nje ya nchi. Nikajibiwa kwa adabu kwamba nipeleke namba yake ya utumishi na jina kama lilivyoandikwa chomboni. Na hapo ndipo uchungu wa kisa hiki ulipo. Masidi wengi hawakuandikwa kwa majina yao. Karani wa meli, asiyeweza au asiyetaka kuandika fulani bin fulani bin fulani, aliwapachika majina ya mzaha ya Kiingereza, ndiyo wakaitiwa mishahara na ndiyo yaliyobaki vitabuni. Kadhi wa Lamu aliandika nasaba bila namba, na meli iliandika namba bila nasaba. Vitabu viwili vya mtu mmoja, na hakuna ukurasa vinapokutana.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Mombasa mjini ipo sanamu ya askari iliyosimamishwa baada ya vita ile, yenye maneno ya Kiswahili yasemayo kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Nimesimama mbele yake mara nyingi. Haina jina la mtu hata mmoja.

Nilimpeleka mjukuu wa Bi mkubwa, binti wa kidato cha tatu, Fort Jesus, kwa sababu huko kuna mzinga wa Königsberg ulioopolewa mtoni na karibu yake mzinga wa Pegasus. Aliweka kiganja juu ya chuma cha ule wa Rufiji akakiacha pale. Watalii walitupita. Aliniuliza kama waliokuwa upande wa pili, kwenye kingo, walikuwa Wajerumani wote. Nikamwambia la, askari wengi wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na lugha waliyosemezana nayo ilikuwa Kiswahili. "Basi aliyempiga huenda alisema kama sisi," akasema. Sikuwa na la kumjibu.

Habari ilipoenea barazani, vijana walipinga. Kwa nini tumkumbuke mtu aliyekufa akiwatumikia wakoloni? Ni swali la haki na sikulipuuza. Jibu langu ni kwamba hatukutafuta kumtukuza aliyemwajiri. Serikali ile ilimchukua, ikampoteza, isimpelekee mkewe hata neno. Kumnyima jina lake leo ni kuikamilishia kazi yake. Ustadhi aliyekuwepo alilimaliza kwa upande wake: mtu aliyekufa maji ana daraja ya shahidi mbele ya Mola wake, na hilo haliulizi mshahara ulilipwa na nani.

Kikao cha familia kilifanyika baada ya alasiri, kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, na tawi la Mombasa likaja. Wengine walitaka jiwe lenye maandishi makaburini. Bi mkubwa alikataa: kaburi bila mtu ndani yake hakulitaka. Walikubaliana maombi ya kumwingiza katika daftari la Tume yaendelee, kwa karatasi ya kadhi iliyopigwa picha pamoja na maelezo ya mdomo yaliyosainiwa, na kwamba niyaandike kwa jina lake kamili, si kwa jina lolote la mzaha litakalopatikana. Jina hilo liliandikwa kwanza nyuma ya jalada la msahafu wa nyumba, pale yanapoandikwa majina ya watoto wakizaliwa. Bi mkubwa aliomba kalamu aliandike mwenyewe. Mkono ulitetemeka kwenye "bin" ya kwanza, akapumzika, akaendelea. Bildi haikurudishwa mlangoni; imefungwa kitambaa, imewekwa juu ya sanduku.

Kabla watu hawajaondoka akawaita watoto wadogo wakakaa mbele yake. Akawaambia tangu mwaka huu jungu litavunjwa, ila litavunjwa tarehe 27, waende mashuani na wenzao wacheze mpaka magharibi. Tarehe 28 kila mmoja awe nyumbani ametawadha, na hitima itakapoanza jina la Babu lisomwe lote, na atakayelisoma ni yule binti.